Sehemu ya Tatu, Mume Amelala

4 Machi

Mtaa mzima huu hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Wengine wamepewa mali, wengine wamepewa sura, mimi nimepewa usingizi. Nikigusa mto, nimekwenda. Mvua ipige bati, mbwa wabweke, jirani agombane na mkewe mpaka sufuria ziruke, mimi nipo kwenye usingizi wa pono. Nimelala juu ya magunia ndani ya lori linalopanda mlima. Nimelala melini dhoruba ikiwatapisha mabaharia wenyewe. Nimelala nimesimama kwenye foleni ya pasipoti, zamu yangu ikafika, watu wakanisogeza mbele kama kabati. Mke wangu kaondoka jana kwenda nchi ya mbali, msimu mzima wa mvua, na usiku wa jana nimelala fofofo. Mwanaume mwingine angelia. Mimi nimekoroma.

Daftari hili kaniachia yeye. Kaliweka mezani karibu na sukari, mahali anapojua lazima nitafika.

"Msumari," kasema, "wewe unasema kutwa nzima. Msimu huu uandike. Kila siku kitu kimoja ulichokisikia."

"Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililipitia dirishani."

"Andika hivyo hivyo."

Haya. Leo nimesikia mvua.

6 Machi

Mvua tena. Na mlinzi wa duka la pembeni hupiga mluzi saa tisa za usiku, wimbo mmoja, hafiki mwisho. Bila shaka nimeota.

9 Machi

Karakana imejaa maji hadi kwenye kizingiti, hakuna mteja, basi nieleze mambo vizuri.

Mimi ni fundi wa makochi. Naunda mifupa ya mbao, natia sponji, navalisha kitambaa. Mheshimiwa yeyote unayemwona amekaa vizuri katika mji huu, muulize nani kamkalisha.

Mke wangu ni mtunzi wa muziki. Si ule wa redioni wa nakupenda nakufa. Anatunga muziki wa okestra, watu sabini wamevaa nguo nyeusi kama wamefiwa, na mmoja kasimama mbele anapunga kijiti. Nikiwaambia watu, wanashangaa. Wanadhani watunzi wa namna hiyo walikwisha kufa wote, wamebaki kwenye picha na nywele zao za bandia. Wa kwangu yuko hai na anapenda mkate ulioungua pembeni.

Maisha yao hao watunzi yanataka moyo. Mchana anafundisha chuoni vijana wasionawa mikono kabla ya kushika kinanda. Alfajiri anaandika. Mwaka mzima anaandika, karatasi zinajaa meza, zinajaa kitanda, mimi nakula nimesimama. Mwaka ukiisha, kazi ina dakika kumi na nne. Inapigwa siku moja, watu wanakohoa, wanapiga makofi, karatasi zinaingia kabatini. Ile ya kwanza nilimuuliza, "Inapigwa lini tena?"

"Haipigwi tena," kasema. "Kila okestra inataka kuwa ya kwanza kupiga kazi mpya. Wa kuipiga mara ya pili hapatikani."

Nilimwambia, kochi langu likikaliwa mara moja tu kisha likatupwa, mimi ningeacha ufundi nikauze mayai. Akacheka, halafu akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Tulivyokutana ni hivi. Chuo kiliniita nitengeneze viti vya ukumbi. Nipo chini ya viti nagonga, mwanamke kwenye kinanda akapaza sauti, "Kimya!" Nikanyamaza. Baadaye kidogo akasema, "Wewe fundi, endelea. Ila polepole, na usigonge sawasawa." Nikagonga hadi jioni. Kiti kilichohitaji misumari minne kikapata kumi na miwili. Tangu siku hiyo mimi namwita Bi Kimya, yeye ananiita Msumari, na viti vile havitang'oka mpaka kiama.

Sasa okestra kubwa ya huko mbali imemwita akae kwao msimu mmoja, awatungie kazi kuhusu nyumbani kwake. Nadhani walitegemea ngoma, na pengine simba mmoja kwa mbali. Bi Kimya kawajibu kwamba atawaletea bomba la jikoni kwake linalovuja. Nilidhani watamfukuza. Wamekubali.

13 Machi

Leo nimefanya jambo la mume bora. Lile bomba la jikoni limevuja miaka yote ya ndoa yetu. Nimelifungua, nimetoa ule mpira wa ndani uliooza, nimetia mpya. Kimya kabisa! Atakaporudi atakuta jikoni kama hospitali. Sijamwambia, nataka ashtuke.

17 Machi

Mama mkwe kaja. Anakaa mtaa wa pili na huja kila Jumapili kuangalia kama nyumba ya mwanawe bado imesimama. Huyu mama hajawahi kunipenda. Alitaka mkwe daktari, akapata mkwe mwenye vumbi la mbao masikioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Ni suruali, mama. Imenenepa."

Hakucheka. Kakagua chumba kwa macho, akaona kikombe cha chai kando ya kitanda, akaona kingine dirishani.

"Unalala?" kauliza.

"Kama gogo, mama."

"Mume ambaye mkewe yuko safari naye analala kama gogo," kasema, "huyo si mume, ni gogo." Kisha akaosha vile vikombe bila kuombwa, akaenda zake.

22 Machi

Bi Kimya kapiga simu. Sauti yake inafika ikiwa imechelewa kidogo, kama mtu anayezungumza akiwa juu ngazini. Kasema chumba walichompa kina kinanda, dirisha na ukimya mwingi mno. Kasema kazi itakuwa na sehemu tatu. Ya kwanza bomba, ya pili mlango wetu wa nyuma, ya tatu bado anaifikiria.

"Nina bomba la dakika moja tu nililolinasa kabla ya kuondoka," kasema. "Nataka la nusu saa. Washa kile kinasa sauti nilichokuachia, uweke karibu na sinki, utoke. Usiguse kitu."

Nikalitazama bomba letu kavu.

"Nusu saa?" nikasema. "Mbona kidogo! Nitakupa saa nzima."

23 Machi

Nimekaa jikoni na chupa ya maji na kijiko, nikidondosha tone kwenye sinki, tone, tone, tone. Nusu saa. Mkono umekufa ganzi. Kinyozi, jirani yangu wa karakana, kaja kuazima bisibisi, kanikuta hivyo.

"Ndugu yangu," kasema, "mke akiondoka watu hunywa pombe. Wewe umechagua hii?"

24 Machi

Kapiga simu kabla sijapiga mswaki.

"Msumari, hilo si bomba."

"Ni bomba mama, bomba lako mwenyewe."

"Bomba letu linadondosha mawili ya karibu, linapumzika, kisha moja. Hili linadondosha kama askari wa gwaride. Na katikati kuna mtu anasema 'umechagua hii'."

Nikaungama nimelitengeneza. Nilitegemea atanigombeza. Akanyamaza. Bi Kimya akinyamaza mimi huogopa, maana kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe mara nyingi hunipata mimi. Mwisho kasema kwa upole, "Ulitaka kunifurahisha."

"Ndiyo."

"Basi usinifurahishe tena. Usitengeneze kitu. Nyumba iache ilivyo."

Watu wa ajabu hawa. Mwanamke wa kawaida humlilia mume miaka kumi amtengenezee bomba. Wangu analia kwa sababu limetengenezwa.

30 Machi

Nimeupata ule mpira wa zamani, ulikuwa kwenye kopo la misumari. Nimeurudisha. Nimelitengeneza bomba liharibike, kazi ambayo hakuna fundi atakayeniamini. Limevuja! Nimecheza peke yangu jikoni. Nikamtumia sauti.

Kajibu: "Ni lenyewe. Lakini sauti yake imepanda juu kidogo."

Nimesikiliza sana. Sisikii tofauti. Kwangu tone ni tone.

4 Aprili

Mvua. Mkasi wangu mkubwa umeingia kutu. Jirani wa nyuma anakohoa kuanzia saa nane hadi saa tisa. Mlinzi bado hajafika mwisho wa wimbo wake.

8 Aprili

Leo ningeandika kwa wino mwekundu, kama ningekuwa nao!

Bi Kimya kapiga. Sehemu ya tatu kaipata. Sehemu ya tatu ni mimi. Jina lake "Mume Amelala". Kasema miaka yote kaandika alfajiri akiwa na mkoromo wangu nyuma ya mlango, na huko aliko hawezi kuandika vizuri kwa sababu haupo. Kwa hiyo atawapa wale wenye fidla kubwa kabisa, zile zinazopigwa mtu kasimama kama anacheza dansi na mama mnene, waukorome mkoromo wangu.

"Watu wangapi watanikoroma?" nikauliza.

"Wanane."

Wanane! Wasomi wanane, wenye vyeti ukutani, wamevaa suti, wananikoroma mimi! Nilikwenda kwa Kinyozi nikamkuta na mteja nusu kichwa, nikawatangazia wote wawili. Nikamwambia mwenye duka, na mama wa mboga. Mama wa mboga kauliza, "Kwani wewe unakoroma kwa kipaji?" Nikamwambia dada, kipaji hakifichiki.

14 Aprili

Habari mbili, na sijui niiandike ipi kwanza.

Kazi itapigwa tarehe kumi na nane mwezi ujao.

Ya pili. Wamempenda huko. Wanataka abaki miaka mitatu, awe mtunzi wao. Asifundishe mtu, asisahihishe mitihani, aandike tu, na kila atakachoandika kitapigwa. Na si mara moja, Msumari, kasema. Wameahidi kuzitoa na zile za kabatini. Zile zilizopigwa mara moja zikalala. Zitapigwa tena.

Sauti yake alipofika hapo ilikuwa ndogo. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia mke wangu anataka kitu na anaogopa kukitaka.

"Na wewe je?" kauliza. Mimi siwezi kwenda kukaa huko, anajua. Karakana ni yangu na wadogo zangu wawili wanakula humo.

Nikacheka. Nikamwambia, "Mimi? Kubali mara moja, kesho usingoje! Mimi nakula, nafanya kazi, nalala fofofo. Usiku hapa sina habari mpaka jua linichome. Hata sijui kama umeondoka."

"Hujui kama nimeondoka," kasema.

"Hata kidogo."

"Sawa," kasema.

Nilifurahi nilivyolisema vizuri. Mtu asifungwe mguu na mtu mwingine. Kazi zake zimelala kabatini miaka, mimi nani nizilalie juu.

15 Aprili

Sikuandika kitu leo. Yaani nimeandika hiki.

19 Aprili

Kataka usiku mmoja mzima wa chumba chetu. Mvua, mfereji wa bati, na mimi ndani yake nimelala. Jana nimewasha kinasa sauti juu ya kabati nilipopanda kitandani, leo asubuhi nimemtumia kilivyo. Sikusikiliza, nina kazi. Kochi la nyumba ya wageni la watu saba.

20 Aprili

Kaandika: "Nimesikiliza saa mbili za mwanzo. Mvua nzuri mno. Mkoromo uko wapi?"

Nimejibu: "Siku hiyo nilikuwa na mafua."

Mtu mwenye mafua ndiye hukoroma zaidi, nimekumbuka baada ya kutuma.

21 Aprili

Hilo nalo tatizo? Nimelala chali saa sita mchana, mlango nimefunga, nimekoroma robo saa. Ndani kwa pua, nje kwa mdomo, kama pampu ya tairi. Kazi safi. Nimetuma.

23 Aprili

"Msumari, mtu aliyelala hahesabu."

"Nani kahesabu?"

"Wewe. Moja, mbili, tatu, nne, koroma. Moja, mbili, tatu, nne, koroma. Nimepima kwa mashine. Hata wapigaji wangu hawawezi kwenda sawa hivyo. Halafu mwishoni umemeza mate."

Huyu mwanamke angekuwa polisi tungekwisha.

26 Aprili

Kinyozi ana desturi ya kuja baada ya chakula cha mchana kujaribu makochi ya wateja. Leo kalijaribu lile la watu saba, kalala, kaanza. Lo! Kama trekta kwenye matope, linakwama, linajitahidi, linatoka. Nikakimbia kuleta kinasa sauti.

27 Aprili

Kapiga simu. Sauti yake ya baridi.

"Nani huyo amelala kwenye kitanda changu?"

"Si kitanda, ni kochi."

"Nani?"

"Kinyozi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka nami nikacheka, tukacheka pamoja kama zamani, na kile kichelewesho cha simu kikafanya vicheko viwe vinne. Kisha akaacha, na mimi bado naendelea, nikajikuta nacheka peke yangu.

"Nimerudi kwenye ule usiku ulionitumia kwanza," kasema. "Nimeusikiliza wote, hadi mwisho."

"Mvua nzuri, eh?"

"Kuna mtu anajigeuza. Kitanda kinalia upande wako, halafu kinalia upande wangu. Kuna kandambili zinakwenda dirishani. Kuna birika. Kuna birika mara ya pili. Hakuna mtu aliyelala humo ndani, Msumari."

Nikamwambia ilikuwa ni chai ya moto na siku ya joto, na mbu, na kitanda kile kina kasoro, nitakitengeneza. Kasema, "Usikitengeneze." Nikamwambia mtandao unakata. Haukuwa unakata.

28 Aprili

Jumapili. Mama mkwe. Leo kaingia na kuvua viatu, maana yake amekuja kukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu kaniuliza kama unalala. Nimwambieje?"

"Mwambie nalala, mama."

Kanitazama. Huyu mama macho yake ni ya bintiye, ila yamekaa kwenye uso uliokwisha kukasirika mapema.

"Baba wa mwanangu," kasema, "alipenda kuimba. Nilipomzaa mtoto wa tatu nikamwambia mimi nimeridhika na maisha, sina ninachokitaka, nenda zako ukaimbe. Nilimwambia kwa kicheko kama chako hicho. Akaenda akaamini. Aliporudi akakuta mwanamke ambaye hakumjua, maana yule niliyemwonyesha hakuwepo."

"Alikasirika?"

"Alisema, 'Ungeniambia, pengine ningekwenda vilevile. Lakini ningekwenda nikijua.'" Akavuta kikombe chake. "Njia ya mwongo ni fupi, mkwe wangu, hata ukiongopa kwa wema. Wewe unajiona umempa ruhusa. Umemfungia ukweli kabatini kama wanavyofungia nyimbo zake."

Nikamwongezea chai. Miaka yote nilidhani mama huyu ananichunguza ili anishike kosa. Kumbe kila Jumapili alikuwa anahesabu vile vikombe kando ya kitanda na kunisikitikia.

Kabla ya kutoka kasema, "Na daktari niliyemtaka awe mkwe wangu, ana wake watatu." Nadhani ulikuwa mzaha. Nadhani ulikuwa upendo.

3 Mei

Hajaniomba mkoromo tena.

7 Mei

Mvua imepungua. Nimesikia mfereji wa bati ukitoa maji ya mwisho kama mtu anayekoroga chai taratibu. Naona sasa nasikia vitu. Zamani mvua ilikuwa mvua. Leo najua ya saa tano inakuja na upepo kutoka upande wa barabara, na ya saa kumi inanyesha wima, haina haraka. Nimelisikia na bomba: mawili ya karibu, pumziko, moja. Na kweli limepanda juu kidogo.

11 Mei

Kaandika kwamba yuko mazoezini kutwa. Wale wanane wa fidla kubwa walilalamika kwa kondakta, yule mpunga kijiti, kwamba wamesoma miaka yote hiyo si ili waliigize tendegu la kitanda. Sikuelewa. Nilidhani wanakoroma.

12 Mei

Jumapili. Mama mkwe kaleta mkate, kauchoma mwenyewe, kauunguza pembeni. Tumeula wote, hadi pembeni.

18 Mei

Niandike vizuri, maana hii ikipigwa leo pengine haipigwi tena.

Okestra ile hurusha maonyesho yake kwenye mtandao. Tulikaa karakana, mimi, Kinyozi na mama mkwe, kwenye kochi la watu watatu ambalo mwenyewe hajalichukua. Kinyozi kaleta spika yake ya dukani. Nilipiga pasi shati, sijui kwa nini, hawanioni.

Wamepiga kwanza kazi ya marehemu fulani, ndefu. Kinyozi kasinzia, mama mkwe kamchoma kiwiko. Kisha tukasikia makofi, na mtangazaji akalitaja jina la mke wangu vibaya kabisa.

Sehemu ya kwanza. Kinubi. Mawili ya karibu, pumziko, moja. Nikaruka! "Ni bomba! Ni bomba letu!" Mama mkwe kasema shh. Tone likaendelea, fidla zikaingia chini yake taratibu kama maji yanayojaa sinki, halafu ghafla likakatika. Kimya kirefu. Pale ndipo nilipotia mpira mpya. Kaniweka na humo! Kisha zikaja zile za gwaride, mpigaji mmoja akipiga kijiti kwenye chupa, watu huko ukumbini wakacheka. Wamecheka kijiko changu. Na mwisho kinubi kikarudi, mawili, pumziko, moja, juu kidogo. Hapo hakuna aliyecheka.

Sehemu ya pili, mlango wa nyuma. Mnajua unavyolia, au hamjui. Unalia kwa swali. Filimbi zote ziliuliza.

Sehemu ya tatu, Mume Amelala. Nikajiweka sawa. Nikamwambia Kinyozi, "Sasa sikiliza wasomi wanane."

Hawakukoroma.

Mvua ilianza kwanza, vidole vya watu wengi kwenye mbao za vyombo vyao. Kisha moja ya zile fidla kubwa ikalia, kri, upande mmoja. Muda ukapita. Nyingine ikalia, kri, upande wa pili. Kitanda. Mtu kajigeuza kutoka upande wangu kwenda upande wake. Kisha brashi juu ya ngozi ya ngoma, shaa, shaa, kandambili zikienda dirishani. Zikasimama. Kwa mbali sana tarumbeta ndogo iliyozibwa mdomo ikapiga mluzi, ule wimbo wa mlinzi, ule usiofika mwisho, na haukufika. Birika likaanza. Likachemka peke yake, likanyamaza. Kandambili zikarudi. Kri. Na tena kutoka mwanzo, na tena, kila mara polepole zaidi, na kila mara unadhani sasa atalala, sasa mkoromo unakuja. Hauji. Mvua ikaisha kabla yake.

Watu huko hawakupiga makofi mara moja. Hata kukohoa hawakukohoa.

"Mbona hakoromi?" kauliza Kinyozi.

"Nyamaza wewe," kasema mama mkwe, na akanisogezea kikombe chake cha chai, chake mwenyewe alichokwisha kukinywea. Nikakinywa hadi mwisho.

Nimekaa kwenye makochi maisha yangu yote. Sijawahi kukaliwa na kitu kizito namna ile.

Bi Kimya kapiga simu wakati Kinyozi anakunja waya za spika. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi na glasi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wanataka jibu langu kesho jioni. Msumari, nikae au nirudi ni juu yangu, hilo sikuulizi. Nakuuliza jambo moja tu. Unalala?"

"Mimi? Mimi nikigusa mto..."

"Usijibu leo," kasema. "Leo utanichekesha, na mimi leo nataka kuchekeshwa, nitaamini. Nijibu kesho."

19 Mei

Jua. Mtaa mzima umeanika magodoro. Mlinzi nimemkuta asubuhi anatoka zamu, nikamuuliza ule wimbo wake unaishaje. Kasema hajui, aliusikia nusu.

Kinyozi kanishauri niseme nalala. "Miaka mitatu, ndugu yangu, kazi zake zote zitoke kabatini! Ukimwambia kweli atarudi, halafu atakutazama kila siku kama jiwe lililomkwaza." Ana moyo mzuri Kinyozi. Jana ningemsikiliza.

Nimejaribu kuyasema mbele ya kioo na kila mara mzaha unatangulia kutoka. Mdomo wangu umezoea. Kwa hiyo nayaandika, na jioni akipiga nitafungua ukurasa huu nisome kama mtoto wa darasa la saba, kidole chini ya neno.

Bi Kimya. Ukitaka kubaki, baki, nami nitajivunia mtaani mpaka wanichoke. Ukikubali kwa sababu unataka zipigwe tena, kubali kwa mikono miwili. Karakana ipo, mama yako yupo, mkate anauunguza vizuri. Mimi sitakufa. Lakini uamue ukijua.

Ile ya ukurasa wa kwanza, kwamba nimepewa bahati ya usingizi, si kweli. Ilikuwa bahati ya kulala kukiwa na mtu anaandika nyuma ya mlango. Tangu uondoke silali.